Uzi Kupita Jiweni

Juu ya duka la fundi baiskeli, mjini Viljandi,
chumba kina jiko la kuni na kompyuta nne za mtumba.
Februari. Jua limeaga kabla watu hawajatoka kazini,
na sisi ndio kwanza tunaanza.

Mfumo wetu unaitwa Rahn,
jina la lile jiwe kubwa ambalo barafu ya kale
ililitelekeza katikati ya shamba, ikaenda zake.
Wakulima hulizunguka kwa plau. Hakuna alinunuaye,
hakuna aliuzaye.
Lugha tunayoihamishia humo inaitwa Lõng, yaani uzi.
Basi mtu akiniuliza nafanya nini usiku kucha bila ujira
humjibu: napitisha uzi jiweni.
Mke wangu husema: ungepitisha na fagio sebuleni.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kuchekesha.
Kompaila ya Lõng imeandikwa kwa Lõng.
Ili uijenge, uwe nayo; ili uwe nayo, uijenge.
Leemet, mwanafunzi, aliukodolea macho ukuta.
Ragne, mwokaji, akacheka hadi miwani ikaingia ukungu:
"Kwani mkate mweusi huanzaje?
Unabisha kwa jirani, unaomba donge la chachu yake."
Tukabisha. Kwenye mfumo mwingine, wa watu wenye vyumba vingi,
tukakanda kompaila ya kwanza, tukaileta kwenye flashi
kama mtu abebaye kaa la moto juu ya kigae.

Ikawaka. Ikazimika.
Majaribio elfu nne, mia moja na kumi na mawili:
yalifaulu tisa.

Tukashona viraka, kiraka juu ya kiraka,
hadi tukasahau nguo ilikuwa ya rangi gani.
Machi ikaja, theluji ikageuka tope ngazini.
Yakafaulu elfu mbili, kisha elfu mbili na mia moja,
kisha, kwa wiki tatu, hakuna.
Leemet alifeli mtihani wa takwimu na hakutuambia.

Virve ana miaka sitini na minane.
Ujana wake wote alitengeneza mitambo ya simu
na hadi leo haisomi hitilafu, huisikiliza.
Nyuma ya kalenda alichora safu mbili kwa kalamu ya risasi,
jioni baada ya jioni, haulizi, hahimizi,
mpaka siku moja akavua miwani:
"Hoja zikiwa shufwa, inapita.
Zikiwa witiri, inaanguka."

Kuni zikapasuka jikoni.
Baiti nane. Mrundiko ulikuwa umesimama
baiti nane kando ya pale ulipopaswa kusimama,
kama kitanda chenye mguu mmoja mfupi:
hulali, na hujui kwa nini hulali.
Dawa yake mstari mmoja. Herufi kumi na moja, nilizihesabu.

Usiku ule Lõng ilijijenga ndani ya Rahn kwa mikono yake,
na iliyojengwa ikajenga nyingine.
Tukalinganisha mtoto na mjukuu, biti kwa biti:
hawakupishana hata ukucha.
Hakuna aliyepiga kelele. Ragne alitazama saa,
unga wake ulikuwa unamngoja.
Programu ya kwanza ilijumlisha mbili na mbili
na tukaikodolea ile nne
kama mgeni aliyeingia na mvua mabegani.

Nani ataitumia? Watumiaji wa Rahn ni mia mbili, labda,
na wanne kati yao wako chumbani humu.

Leemet alibaki akifagia mafaili.
Mstari wa mia tatu na kumi na nane, maelezo ya zamani,
ya mtu tusiyewahi kumwona, aliyejiandika A.K.:
"Hapa bado. Nitarudi Jumatatu."
Miaka saba imepita.
Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

"Mwache," alisema Virve, akivaa buti la pili.
"Hakusema Jumatatu gani."